Mwaka Ambao Hatukubishana

Bi. Rukia,

Nina jambo la kukuripotia, na hakuna mtu mwingine ninayemjua ambaye nikimweleza ataona uzito wake. Mke wangu nimeshamweleza. Alinitazama akasema, "Kwa hivyo mlikubaliana alama zote, na ndiyo sababu umekasirika?" Nikasema ndiyo. Akaenda zake jikoni.

Hasira ilikuwepo, lakini shaka ilikuwa kubwa zaidi. Ilianza Jumamosi ya kwanza ya kusahihisha, hapa ukumbini Kaloleni, na haijanitoka vizuri hata sasa ninapoandika.

Niache nieleze tangu mwanzo. Najua unajua, sheria zetu za usahihishaji ulizitunga wewe, mimi nikazinakili kwa mwandiko unaosomeka. Lakini mimi sijui kufikiri bila kueleza, na kwa mara ya kwanza huwezi kunikatiza. Ungekuwepo ungesema lile neno lako: "Bwana Barasa, wewe hata kuku ungemfundisha hatua za kutaga."

Nimeandika hapo nikacheka, halafu nikaweka kalamu chini kidogo.

Haya. Darasa la Jumamosi lipo bado. Watoto wa Gredi ya Saba na ya Nane wa Kaloleni, Ziwani na mitaa ya jirani wanafanya mtihani wa aljebra wa kuingilia, na viti ni vichache kama ulivyoviacha. Mtoto wa Gredi ya Nane akikosa kiti ndiyo basi, maana mwaka ujao atakuwa Gredi ya Tisa na hatutampokea. Unakumbuka ulivyokuwa ukisema tunashika mlango kwa mkono mmoja na kalamu kwa mkono mwingine, na mikono yote miwili inatetemeka.

Kila karatasi inasomwa na watu wawili. Pembe yenye jina inakunjwa na kubanwa kwa stepla ili tusijue ni ya nani. Msahihishaji haandiki chochote kwenye karatasi ya mtoto. Kila mmoja ana karatasi yake ya alama, na haonyeshi mwenzake. Mwisho tunalinganisha. Tukitofautiana, hata kwa alama moja, tunakaa chini tunabishana mpaka mmoja akubali.

Na tulibishana, Bi. Rukia! Mwenye kibanda cha chai pale nje alidhani sisi ni mume na mke. Wewe uliangalia mtoto amefikiri nini. Mimi niliangalia ameandika nini. Ulinikaripia: "Huyu ameelewa, wewe unataka akuandikie barua ya kuomba radhi?" Nami nikakujibu kwamba mtihani si kutabiri yaliyomo kichwani mwa mtu. Tulianza na chai ya moto tukamaliza ikiwa baridi, na alama iliyotoka pale ilikuwa sahihi zaidi kuliko yangu na kuliko yako. Hilo nililijua hata nilipokuwa nimekukasirikia.

Sasa huna kiti pale. Kwetu sisi mtu akifa tunakaa naye siku kadhaa, tunamwimbia, tunamsema mema na mabaya yake mpaka tunachoka. Nyinyi mlikuwa mmemaliza kabla ya alasiri. Nilisimama nyuma ya wanaume wa msikiti wenu nikiwa bado natafuta maneno, na wenzangu walikuwa tayari wanakung'uta udongo mikononi. Labda ndiyo maana nakuandikia. Maneno yamechelewa tu kufika.

Kiti chako kamati ilimpa Mercy. Unamkumbuka: yule msichana mrefu niliyemfundisha mimi, aliyekuwa akilia akipata jibu na mwenzake akapata lingine. Sasa ni mwalimu wa hisabati katika sekondari msingi, ana watoto wawili, na darasani anasifiwa sana. Nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu nimemlea, atanisumbua vizuri.

Hakunisumbua.

Jumamosi ya kwanza tulisahihisha mpaka saa ya chakula. Tukalinganisha. Swali la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, sawa, karatasi baada ya karatasi. Mwenyekiti wa kamati aliingia na bakuli la mandazi akasema, "Mwaka huu mambo ni laini, Mwalimu. Mwaka jana saa hizi mlikuwa mnapigiana meza." Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama yule bwana na viatu vyake vinavyong'aa, nikakumbuka kwamba mtoto wa dada yake amefanya mtihani huu.

Unajua shaka inavyoingia. Inaingia kama vumbi, huoni ilipopitia. Nikaanza kujiuliza: nani anayehifadhi karatasi? Mwenyekiti. Nani ana funguo za kabati? Mwenyekiti. Kwa nini mandazi mwaka huu, na miaka yote alituacha na njaa? Nilizichunguza stepla za kwenye pembe moja moja, nione kama kuna iliyong'olewa na kurudishwa. Mercy akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ninanyoosha vidole.

Niruhusu nieleze kwa nini kukubaliana kulinitisha, maana mke wangu hajaelewa na pengine hata wewe utaniona nimezeeka vibaya. Kwenye hesabu yenye jibu tupu, watu wawili wanapaswa kukubaliana. Kumi ni kumi. Lakini sisi tunasahihisha maelezo. Mtoto anaambiwa eleza ulivyofikiri, naye anaeleza kwa lugha aliyo nayo, nusu shule na nusu mtaani, na pale katikati ya alama mbili na tatu kuna ukungu. Watu wawili waaminifu wakitembea kwenye ukungu watagongana mara moja moja. Wasipogongana kabisa, mmoja ameshika shati la mwenzake.

Na kulikuwa na karatasi moja iliyonifanya nisilale vizuri.

Swali lilikuwa langu. Mfanyabiashara wa Kiamaiko ana mazizi mawili ya mbuzi. Zizi la kwanza lina mbuzi mara tatu ya wale wa zizi la pili. Akihamisha mbuzi kumi kutoka la kwanza kwenda la pili, mazizi yanalingana. Kila zizi lilikuwa na mbuzi wangapi? Eleza ulivyofikiri. Mwongozo unataka mlinganyo: zizi dogo liwe x, kubwa liwe 3x, kisha 3x kutoa kumi ni sawa na x kujumlisha kumi. Alama nne.

Mtoto huyu hakuandika x hata moja. Aliandika hivi, nimenakili kama ilivyo, na lile "juu" lake la mtaani ni "kwa sababu": "Hii kubwa imezidi hii ndogo na ndogo mbili. Ukitoa mbuzi kumi huku uweke kule, ile gap haipungui kumi, inapungua twenty, juu huku zimetoka na kule zimeingia. Na gap imeisha. So gap ilikuwa twenty, na hiyo ni ndogo mbili. Ndogo ni kumi."

Niliisoma mara kadhaa. Nikampa mbili.

Usinikemee bado. Mwongozo ni mwongozo, na mlinganyo haukuwepo. Lakini nitakwambia kilichopita kichwani, maana ndicho kiini cha barua hii: nilimpa mbili nikijua wewe ungempa nne. Nilikuwa tayari nakusikia. Nilikuwa nimeshaandaa majibu ya kukujibu, na chini yake nilikuwa nimeshaandaa kukubali. Ukali wangu wa miaka yote, Bi. Rukia, haukuwa ukali wa mtu mmoja. Ulikuwa upande mmoja wa mizani, na ulikaa sawa kwa sababu upande wa pili kulikuwa na wewe.

Tulipolinganisha, Mercy alikuwa amempa mbili.

Nikaandika mbili. Kama alama yake ilikuwa yake, sikuwa na haki ya kumlazimisha aone kama wewe. Lakini nilimtazama akifunga mfuko wangu, akiweka miwani yangu kwenye kasha lake, na nikamshuku zaidi mwenyekiti.

Ndipo nilipomkumbuka Kombo.

Kombo Fundi wa Ziwani, yule mwanafunzi wako asiyezaliwa. Kila mwaka ulimwandikia mtihani kwa mkono wa kushoto, majibu sahihi yenye sababu za kipuuzi, ukamchomeka katikati ya fungu ili uone kama nimesinzia. Mwaka mmoja nilimpa alama tatu na hukuniacha nipumue mpaka sikukuu. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi ya pili nilikaa mezani nikamfufua. Swali la mbuzi alilijibu hivi: "Zizi dogo ni kumi kwa sababu kumi ndiyo namba pekee waliyoandika kwenye swali. Kubwa ni thelathini kwa sababu wamesema tatu." Mengine yote aliyajibu kwa akili hiyohiyo. Nikakunja pembe, nikabana stepla, nikamchomeka. Na kwenye karatasi yangu ya alama nikampa nne kila swali.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Msahihishaji yeyote aliye macho angempa moja, kwa huruma. Kama alama zilikuwa zinatoka kwa mtu aliyezisoma karatasi, Kombo angeanguka. Kama zilikuwa zinatoka kwingine, angepita. Na siku hiyo sikulinganisha na Mercy; karatasi zetu mbili za alama nilimwachia mwenyekiti afungue pembe na kutengeneza orodha, nione atatoa nini.

Jumapili baada ya ibada mwenyekiti alinikuta nje ya kanisa akiwa na orodha mkononi, uso umejaa fahari. "Mwalimu, kuna kijana hapa ni moto! Amewashinda wote. Kombo Fundi, wa Ziwani. Unamjua ni wa nani? Nataka nimpeleke apigwe picha."

Nakiri kwamba nilihisi furaha, ile furaha mbaya ya mtu aliyethibitisha shaka yake. Nilimvuta kando ya ukuta nikamwambia bila kuzunguka: hizi alama mmezipanga, na ninataka kujua kwa ajili ya nani. Alinitumbulia macho. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi? Nipange alama? Mwalimu, mimi hata hiyo x yenu sijawahi kuipata, nitaibaje kitu nisichokijua? Na mpwa wangu hayumo! Dada yangu hanisemeshi tangu nilipomwambia jana jioni. Angalia."

Nikaangalia. Hakuwemo.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa sina mtu wa kumshuku. Hiyo ni hali mbaya kuliko kuwa naye. Nilianza kupanga upya, hatua kwa hatua, kama tunavyowafundisha watoto: kipi kimebadilika? Kabati ni lilelile, funguo ni zilezile, mwenyekiti ni yuleyule. Wewe na mimi kila mmoja alikaa na karatasi yake ya alama. Yako uliiweka chini ya sahani ya chai, yangu ilikuwa mfukoni mwa koti. Sasa koti silivai kwa sababu ya bega linaloniuma, na karatasi yangu inakaa kwenye mfuko wa vitabu.

Na mfuko wangu siubebi mimi.

Tangu siku ya kwanza, Mercy alinipokea mlangoni akauchukua mfuko mkononi mwangu, kama mtu mwenye adabu anavyompokea mwalimu wake. Aliuweka kando ya kiti chake ili mimi nisiiname. Na kila nilipotoka nje kunyoosha magoti, mfuko ulibaki naye.

Nilimpigia simu, nikamwomba tukutane ukumbini mchana uleule kabla orodha haijabandikwa mlangoni asubuhi ya Jumatatu. Alikuja na kitambaa cha kanisani bado kichwani. Nikaweka karatasi ya Kombo, niliyopewa na mwenyekiti kutoka kabatini, mbele yake nikamwambia aisome kwa sauti. Alisoma. Alipofika "kwa sababu wamesema tatu," sauti ikakatika.

"Hukuisoma," nilisema.

"Nilisoma, Mwalimu. Nikaona haiko sawa kabisa. Halafu nikaona umempa nne."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikajua kuna kitu mimi sioni."

Bi. Rukia, nilikuwa nimejiandaa kwa uvivu. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa hongo. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Akaniambia kwamba Jumamosi ya kwanza alifungua mfuko mara moja tu, ahakikishe hayuko mbali nami, akakuta yuko mbali. Akaona haya. Akafuta zake. Baada ya hapo akawa anaanza na zangu.

"Wewe ndiye ulinionyesha x ni nini, Mwalimu. Nikae hapa nikuambie umekosea, nikiwa nani? Watu wangesema nini? Wewe ungesema nini?"

Nikamuuliza ile ya kwanza aliyofuta ilikuwa ipi. "Ile ya gap," akasema. "Haina x. Nilikuwa nimempa nne."

Nikavua miwani nikaipangusa. Nadhani yeye alidhani nimekasirika. Nilikuwa nakusikia wewe.

Tulisahihisha upya zote, Bi. Rukia, mchana ule mzima, mwenyekiti ameshazikunja pembe na kuzibana tena, karatasi yangu ya alama nikiwa nimeikalia. Nilimwambia wazi: leo heshima yangu ni unipinge. Mwanzoni ilikuwa mateso. "Mwalimu, samahani, mimi nilikuwa nafikiria, kama hautajali..." Nikamwambia mbuzi wa Kiamaiko wangekuwa wameshachinjwa na kuliwa kabla hajamaliza kuomba samahani. Akacheka kidogo. Karatasi chache baadaye akasema "Mwalimu, hapana," na akafunika mdomo kwa mkono.

Lakini unanijua. Hata pale shaka haikulala. Nilimwamuru abishane, naye akabishana. Sasa nitajuaje kwamba ule ubishi si utii mwingine tu, umevaa nguo nyingine? Kila aliposema hapana, nilijiuliza kama anasema kwa sababu anaona hivyo au kwa sababu Mwalimu ametaka kusikia hivyo. Nikaanza kumchunguza uso badala ya kusikiliza hoja. Ni ugonjwa.

Tukafika kwenye ile karatasi.

Mimi nikashikilia mbili, kwa mwongozo, kama kawaida yangu. Mercy akakaa wima. Akasema mwongozo unataka mlinganyo kwa sababu mlinganyo ni njia ya kuonyesha uhusiano, na mtoto huyu ameonyesha uhusiano wazi kuliko walioandika x bila kujua ni ya nini. "Huyu ameona kwamba pengo linapungua maradufu. Mwalimu, nina wanafunzi wanaoandika 3x kutoa kumi vizuri kabisa, na ukiwauliza hiyo kumi ya upande wa pili imetoka wapi wanaangalia dari!" Alipiga meza kwa kiganja. Meza yako.

Nilipinga kadiri nilivyoweza, na hoja zikaniishia. Nikasema, haya, nimeshindwa. Nne.

"La," akasema.

"La nini? Si nimekubali?"

"Tatu, Mwalimu. Nilipompa nne nilisoma haraka. Swali limeuliza kila zizi. Amesema dogo ni kumi akaacha hapo. La kubwa hakusema."

Nikaichukua karatasi. Kweli, hakusema. Wewe ungempa nne, nami sasa nilitaka kumpa nne, kwa ajili yako, kwa ajili ya kumaliza. Nikamwambia kwamba alama hiyo moja huenda ikamkosesha mtoto kiti. Nikamwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtetea. Niliongeza, na sijivunii, kwamba mimi ni mzee na nimesahihisha tangu kabla hajazaliwa.

Akanitazama moja kwa moja. Macho yalikuwa na machozi, yaleyale ya zamani. "Tatu," akasema.

Hapo ndipo nilipoacha kumchunguza uso. Nikaandika tatu.

Tulipofungua pembe lilikuwa jina la Shanice, msichana wa Gredi ya Nane kutoka Ziwani. Tukapanga orodha upya, Kombo akarudishwa alikotoka, na tatu ikamtosha Shanice. Kwa shida, lakini ikamtosha. Mpwa wa mwenyekiti naye akaingia, jambo lililonifanya niisome karatasi yake tena peke yangu, kwenye mwanga wa dirishani. Ni nzuri. Imeniudhi.

Shanice alikuja Jumamosi iliyofuata na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Mercy alimwita kando akamrudishia karatasi, akamwonyesha pale palipopungua. Msichana akasema, "Lakini ticha, hiyo kubwa si mtu anajionea tu? Ni thirty!" Mercy akamwambia, "Mimi naona. Wewe ndiye hukuandika." Wakaendelea hivyo pale mlangoni, mmoja hamwachii mwenzake, na mimi nikapita katikati yao bila kuulizwa chochote.

Pumzika sasa, Bi. Rukia, dada yangu. Sitakuahidi kuwa mpole, hungeniamini. Nitaendelea kutoa mbili pale ambapo wewe ungetoa nne. Ila ninakuahidi hili: siku nitakapoona wanaokaa mbele yangu wameanza kunikubalia kila kitu, nitaiweka kalamu mezani na kuondoka mwenyewe, wasipate shida ya kunisindikiza kwa heshima.

Mimi,
Barasa